Mkono wa baba ulipata moto baada ya sindano ya ganzi: kuna ubaya?

Suali

Asalaam alaykum, daktari. Mimi niko Wete. Baba yangu ana miaka 61, kisukari kimemuharibu figo, na sasa anasafishwa damu kwa mpira uliowekwa shingoni upande wa kulia. Mwezi uliopita tulimpeleka Dar es Salaam akaunganishwa mishipa kwenye kifundo cha mkono wa kushoto ili apate njia ya kudumu. Hakulazwa nusukaputi. Alichomwa sindano juu kidogo ya mtulinga, mkono wote ukafa ganzi. Kilichotutisha ni kuwa mkono ulipata moto, kiganja kikaiva, mishipa ikatutumka, na jicho la kushoto likalegea kama la mtu mwenye usingizi. Kesho yake kila kitu kikarudi kama kawaida. Jirani yetu anasema dawa iliingia kwenye damu. Sasa ile njia imekuwa dhaifu, daktari anataka kutengeneza nyengine kiwikoni, na baba ameikataa sindano ile. Anasema bora alazwe kabisa. Ganzi ile inaifanya nini damu ya mkono?

Jibu

Waalaykumu salaam mwanangu, na mzee mpe pole zangu nyingi. Nianze na lile linalomkosesha raha: dawa haikuingia kwenye damu yake. Moto wa mkono, kiganja kuiva, mishipa kututumka na hata lile jicho ni mambo yanayotoka mahali pamoja, nayo yanaonesha kuwa sindano ilifika ilikotakiwa. Sisi madaktari wa usingizi tukiugusa mkono wa mgonjwa tukaona umeanza kupata joto, tunafurahi, maana joto hilo ni miongoni mwa dalili za mapema kwamba ganzi imeshika. Mlipaswa kuelezwa kabla. Mtu akiambiwa mapema kuwa mkono utapata moto, hautamtisha.

Mishipa ya fahamu ya mkono inatoka kwenye uti wa mgongo kwa mizizi mitano, minne ya mwisho ya shingo na mmoja wa mwanzo wa kifua. Inapita baina ya misuli ya upande wa shingo, inakusanyika kishada nyuma ya mtulinga, juu ya ubavu wa kwanza, kisha inateremka kwapani ikiwa imeizunguka ateri kubwa ya mkono, yaani mshipa unaoleta damu kutoka moyoni. Daktari aliyemchoma mzee alikusudia kumwaga dawa kuzunguka kishada hicho. Pale nyuma ya mtulinga mishipa imebanana, kwa hiyo sindano moja inatosha kuuzima mkono karibu wote.

Ndani ya kishada hicho nyuzi si za aina moja. Nene zinaendesha misuli, nyengine zinabeba mguso, na nyembamba zinabeba maumivu na habari za joto na baridi. Zipo pia nyuzi nyembamba sana ambazo mtu hazihisi maisha yake yote. Hizo ni nyuzi za simpathetiki, zinazotawala mishipa ya damu na tezi za jasho. Kisa cha mkono wa mzee kimo humo.

Ukuta wa ateri ndogo una msuli, na msuli huo haupewi mapumziko. Nyuzi za simpathetiki zinauletea kemikali ya kukaza iitwayo noradrenalini kidogo kidogo, usiku na mchana, nao unabaki umekazwa, mfano wa tanga linaloshikiliwa kwa demani mkononi mwa baharia. Akiiachia demani, tanga linalegea lenyewe, hakuna haja ya mtu kulisukuma. Dawa ya ganzi inapozizima nyuzi zile, amri ya kukaza inakatika, ateri ndogo zinalegea, vena, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni, nazo zinalegea na kujaa, na damu inashuka mkononi kwa wingi. Hakuna dawa ya kutanua mishipa iliyotiwa mle. Mishipa imeachiwa tu.

Tena mshipa hauhitaji kutanuka sana. Mtiririko wa damu unafuata nusu ya kipenyo cha mshipa ikizidishwa yenyewe kwa yenyewe mara nne. Maana yake, mshipa ukitanuka kwa asilimia 10 tu, kwa presha ile ile, damu inayopita inaongezeka kwa asilimia 46 hivi. Ukitanuka kwa asilimia 20, inazidi maradufu. Ndiyo sababu badiliko dogo ambalo jicho haliwezi kulipima linatoa joto ambalo kila mtu aliyemshika mzee mkono alilihisi.

Jambo hili limejulikana zamani. Mwaka 1851 Mfaransa Claude Bernard aliukata mshipa wa fahamu wa simpathetiki shingoni mwa sungura, na sikio la upande ule likapata moto na kujaa damu. Mwaka uliofuata Charles-Édouard Brown-Séquard, mzaliwa wa Port Louis, Morisi, katika Bahari yetu hii hii ya Hindi, alionesha upande wa pili wa jambo: ukiushitua kwa umeme mshipa ule uliokatwa, mishipa ya damu inajikaza na sikio linapoa. Alichokifanya Bernard kwa kisu, sindano ya mzee imekifanya kwa dawa, tena kwa saa chache na bila ya kukata kitu.

Na jicho? Nyuzi za simpathetiki za mkono na za uso zinapita kwenye fundo moja lililo chini ya shingo, karibu sana na pale sindano ilipopita. Dawa ikisambaa kidogo, inalifikia fundo hilo. Kope ya juu inashuka, mboni inakuwa ndogo, na nusu ile ya uso inakauka jasho. Daktari wa macho wa Uswisi, Johann Friedrich Horner, aliieleza hali hiyo mwaka 1869, na mpaka leo inaitwa kwa jina lake. Ikitokana na ganzi, inaondoka pamoja na ganzi, kama ilivyomuondokea mzee. Wengine sauti inakwaruza kwa muda huo huo, kwa sababu ya mshipa mwengine wa fahamu wa jirani.

Nikueleze tunavyoliona jambo hili chumba cha upasuaji. Chumba kina baridi ya kiyoyozi, mgonjwa ana hofu, mikono yote miwili imepoa na imelowa jasho jembamba. Namwambia ailaze chali. Kidoleni tumeshambana kile kibanio cha kupimia oksijeni, na kwenye skrini kuna mawimbi madogo ya mapigo. Sindano inapigwa. Baada ya dakika chache, kabla mgonjwa hajasema mkono umekuwa mzito, yale mawimbi yanaanza kupanda. Napitisha mgongo wa vidole vyangu juu ya viganja vyake viwili: kimoja bado cha baridi na chepechepe, chengine kina joto na kimekauka kabisa. Kukauka huko ni ushahidi wa pili, maana tezi za jasho nazo zimekosa amri. Kwa ngozi zetu nyeusi wekundu hauonekani mgongoni mwa mkono, basi natazama kiganja na chini ya kucha. Vena za mkononi, ambazo dakika kumi nyuma mtu alikuwa akizitafuta kwa kidole, sasa zinaonekana hata ukiwa umesimama mbali.

Tukiweka kichwa cha altrasaundi juu ya ateri ya mkono, picha inasema hayo hayo. Mkono uliopumzika una kawaida ya kupeleka damu mbele moyo unapopiga, kisha damu inarudi nyuma kidogo, kwa sababu mbele yake mishipa midogo imekaza na inakataa. Ganzi ikishika, kule kurudi nyuma kunapotea. Damu inaenda mbele hata baina ya pigo na pigo. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo inakwenda kwenye ngozi ya kiganja na ncha za vidole, ambako nyuzi za simpathetiki ni nyingi zaidi, kwani huko ndiko mwili unakopunguzia joto lake.

Utaniuliza, damu nyingi ikishuka mkononi, presha ya mwili haianguki? Kwa mkono mmoja, haianguki kwa kiasi cha kudhuru. Mkono ni sehemu ndogo ya mwili. Hili ni tofauti na ganzi ya mgongoni wanayochomwa kina mama wanaojifungua kwa operesheni. Ile inalegeza mishipa ya nusu nzima ya chini, na presha inaweza kushuka vibaya, ndiyo maana mama haachwi peke yake hata dakika moja.

Sasa tuje kwenye njia ya damu yenyewe, kwa sababu hapa ndipo ninapotaka mzee anisikilize. Kuunganisha ateri na vena ya mkono kwa ajili ya kusafisha damu kulitangazwa mwaka 1966 na Brescia, Cimino na wenzao huko New York, na mpaka leo hakuna njia iliyoishinda kwa wagonjwa wengi. Ateri ya kifundo cha mkono, ambayo mtu akiwa amepumzika inapitisha mililita chache tu kwa dakika, inafunguliwa moja kwa moja ndani ya vena. Vena inapokea msukumo isiyouzoea, inatanuka, ukuta wake unanenepa. Tunasema imekomaa pale inapopitisha kama mililita 600 kwa dakika, ina kipenyo cha milimita 6, na haiko chini ya ngozi zaidi ya milimita 6, na huwa tunaikagua kiasi cha wiki 6 baada ya operesheni. Adui wake mkubwa ni damu kuganda kwenye kiungo kile kipya, na damu inaganda pale inapopita polepole. Saa za mwanzo ni za hatari, kwa kuwa mshipa uliochezewa na kisu una tabia ya kujikaza wenyewe.

Ukiufikiria mwenyewe utaona kwa nini ganzi ya kishada inafaa hapa. Inaondoa maumivu na wakati huo huo inauzuia mshipa usijikaze, ikipeleka damu nyingi kwenye kiungo kichanga katika saa zile zile za hatari. Madaktari wa Glasgow, Scotland, walilipima jambo hili kwa wagonjwa 126, nusu wakichomwa ganzi ya kishada, nusu wakichomwa ganzi pale pale kwenye kidonda, na matokeo yakachapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2016. Baada ya miezi mitatu, njia zilizokuwa wazi zilikuwa 53 kati ya 63 kwa waliochomwa kishada, na 39 kati ya 63 kwa wenzao. Ni asilimia 84 kwa 62. Dawa ilikwisha nguvu siku ile ile, lakini faida ya mwanzo mzuri ilibaki. Kwangu mimi hiyo ni tofauti kubwa mno kuiacha kwa sababu ya mkono uliopata moto.

Ipo faida nyengine ambayo haisemwi sana. Vena zikilegea, mpasuaji anaziona vizuri zaidi. Hutokea vena iliyoonekana nyembamba wakati mgonjwa amekaa na baridi na hofu ikawa, baada ya ganzi, inatosha kabisa, na mpango ukabadilika pale pale mezani. Kwa hiyo ni vyema altrasaundi ipitishwe tena baada ya ganzi kushika, kabla ya kisu.

Basi kwa nini ya mzee imedhoofika? Usiilaumu sindano. Kisukari kinazifanya ateri za kifundo kuwa ngumu, zenye chokaa ukutani. Mshipa wa namna hiyo ukiachiwa hautanuki sana, maana kilichoubana si amri ya neva, ni ugonjwa wa ukuta wenyewe. Njia za kifundo kwa watu wenye kisukari mara nyingi hushindwa kukomaa, na kupanda kiwikoni, kwenye mishipa mikubwa, ni uamuzi wa kawaida. Daktari wenu hajakosea.

Kuhusu nusukaputi: nayo inalegeza mishipa, lakini ya mwili mzima, na hapo presha inashuka. Presha ikishuka kwa mtu aliyetoka kuunganishwa mishipa, msukumo kwenye kiungo kipya unapungua, na hapo hapo damu inapata nafasi ya kuganda. Ongeza moyo wa mgonjwa wa figo, ambao aghalabu umeshachoka kwa presha ya miaka mingi, na maji yanayojaa na kupungua kila baada ya kusafishwa. Mzee wako akiwa mbele yangu, ningemuomba kwa heshima akubali tena ganzi. Akikataa baada ya kuelewa, uamuzi ni wake na utaheshimiwa.

Lakini apewe chaguo la mahali pa kuchomwa. Ganzi ya juu ya mtulinga inaweza kulifikia lile fundo la shingoni na pia mshipa unaoendesha kiwambo cha kupumulia upande ule. Mtu mwenye pafu zima haoni kitu, ila mwenye pumu kali au maji mapafuni anaweza kukosa pumzi. Na pale pafu lenyewe liko karibu na ncha ya sindano, ndiyo maana tunaifuata sindano kwa altrasaundi. Ganzi ya kwapani iko mbali na hayo yote: jicho halilegei, pumzi haiguswi, na mishipa ya damu inalegea vile vile. Kwa operesheni ya kiwikoni, mara nyengine ngozi ya upande wa ndani wa mkono wa juu inabaki na hisia, kwa kuwa inapata mshipa wake kutoka kifuani, nje ya kishada. Hapo daktari anaongeza ganzi kidogo chini ya ngozi, na mzee asidhani kuwa sindano ya kwanza imeshindwa.

Na dawa ikiingia kwenye damu kweli, kama anavyohofia jirani, inakuwaje? Inajionesha ndani ya dakika chache, na haijioneshi kwa joto la mkono. Midomo na ulimi vinakufa ganzi, kinywani kunakuja ladha ya chuma, masikio yanavuma, mtu anaweweseka, na ikizidi anapata degedege au moyo unakwenda mrama. Kwa sababu hiyo tunachoma kidogo kidogo, tunavuta bomba kuangalia kama damu inaingia, na tunamsemesha mgonjwa muda wote. Dawa ya kulitibu jambo hilo, yaani mafuta maalumu ya kutundikiwa kwenye mshipa, inapaswa kuwepo karibu. Mzee asingefika kesho yake anakula uji kama lingemtokea hilo bila ya mtu kulijua.

Yeyote anayetoka hospitali na mkono wenye ganzi ana mambo ya kuangalia nyumbani. Dawa za ganzi hazilingani: lidokaini huisha kwa saa chache, bupivakaini inaweza kukaa nusu siku au zaidi. Muda huo wote mkono hauna habari ya moto. Nimewahi kupokea mgonjwa aliyeuweka mkono wenye ganzi juu ya birika la chai ya moto bila ya kujua mpaka alipoona lengelenge. Kwa hiyo mkono ukae kwenye mto, juu ya kiwango cha moyo, mbali na jiko la mkaa. Kuuinua kunasaidia pia uvimbe, maana vena zimelegea na misuli iliyozoea kuisukuma damu irudi juu imelala, hivyo mkono unaoning'inia unajaa. Asiulalie. Kwa udhu, bendeji isilowe, na maji yajaribiwe kwanza kwa mkono mzima. Namna ya kupangusa juu ya bendeji muulizeni shehe wenu.

Ganzi ikiondoka, joto linapungua. Hilo ni sawa. Lisilo sawa ni mkono wa baridi, mweupe kuliko mwenzake, wenye maumivu ya vidole au ganzi isiyoondoka baada ya siku nzima. Huenda njia mpya inaivuta damu yote na vidole vinabaki na njaa, na kwa mtu mwenye kisukari hilo halingoji. Vile vile wekundu na joto vikirudi siku ya tatu au ya nne pamoja na homa, usaha au kidonda kuuma, usiseme ni ile ganzi. Ganzi ilishakwisha, hicho ni kidonda kilichoingia vijidudu.

Na kwa wasomaji wengine wa Pemba, maana msimu wa karafuu ukifika watu huanguka mikarafuuni na kuvunjika mikono: ganzi ya namna hii ni nzuri kwa kuunga mfupa, lakini inaweza kuficha jambo. Mkono uliovunjika ukivimba ndani ya bendeji au plasta iliyokaza, misuli inakosa damu, na kengele yake ya kwanza ni maumivu makali yasiyolingana na jeraha. Mwenye ganzi haisikii kengele hiyo. Joto la ngozi nalo linaweza kumdanganya mtu kuwa damu inafika vizuri hadi ndani. Kwa hiyo mwambieni daktari wa mifupa na daktari wa usingizi wasemezane kabla ya sindano, na baada yake mkono ukaguliwe mara kwa mara kwa macho na kwa kushika, plasta ipasuliwe ikibana.

Mzee akirudi Dar es Salaam, awaambie mambo matatu kabla hajapanda kitandani: kwamba mara ya kwanza jicho lililegea, kwamba anasafishwa damu na siku gani alisafishwa mara ya mwisho, kwa kuwa dawa ya kuzuia damu kuganda inayotumika kwenye mashine inahesabiwa kabla ya kuchoma shingoni au kwapani, na kama ana tatizo lolote la pumzi. Aulize kama ganzi ya kwapani inamfaa. Baada ya operesheni, akiwa bado pale pale hospitali, amuombe muuguzi amfundishe kuweka vidole vya mkono wa kulia juu ya njia mpya na kuusikia mtetemo wake. Mtetemo huo auangalie kila asubuhi na kila usiku. Mkono ule usipimwe presha, usitolewe damu, usivae saa wala kubeba ndoo. Siku atakayoweka vidole asisikie mtetemo, asingoje siku ya mashine. Apige simu saa ile ile na mwanze safari, kwa kuwa njia iliyoganda ikiwahiwa mapema huweza kufunguliwa, na boti ya kutoka Pemba ina saa zake.